Ua la Siku Nne Juu ya Nyandarua

Kambi ya Nyika,
Milima ya Nyandarua,
Jumapili asubuhi.

Dada yangu mpenzi Akeyo,

Nakusalimu kwa mikono miwili, ingawa vidole vyote kumi vimekufa ganzi kwa baridi. Mgongo wako unaendeleaje? Watoto wanakula vizuri? Na lile joto la Kisumu nililokuwa nikilitukana kila siku, bado lipo? Huku nalikumbuka kama mtu mwenye njaa anavyokumbuka chakula. Mimi ni mzima kabisa. Sweta uliyonifumia ilifika wiki tatu zilizopita, na omena zilifika pamoja nayo, ila mfuko ulitoboka njiani, na kila aliyepanda gari lile alijua kwa harufu ya dagaa hao kwamba kuna Mjaluo anayesubiri mlimani.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nakujibu kwa Kiswahili, si kwa Kijaluo, kwa sababu najua Shemeji Jafetha ndiye atakayekusomea, na Kijaluo chake, miaka yote hii ya kukaa Kisumu na kuoa kwetu, bado kinaishia kwenye salamu na majina ya samaki. Shemeji, pole, lakini ndio ukweli. Soma taratibu, na usiruke mahali popote, hata pale utakapoona uso wa Dada unabadilika.

Dada, keti kwanza. Kuna jambo nilikudanganya.

Nilipokuandikia kwamba nimepata kazi ya ukarani katika hoteli ya watalii huko Nyeri, haikuwa kweli. Sijawahi kukanyaga ofisi ya hoteli yoyote. Tangu nilipoondoka nyumbani mimi nilikuwa mpishi. Nilikuwa nawapikia watu watatu kambini, ndani ya mbuga, juu kabisa kwenye nyika ya nyasi ambako hakuna duka, hakuna kanisa, wala mtu wa kuazima chumvi. Tuna mahema matatu na kibanda kimoja cha mbao. Jiko langu ni mawe matatu na karai la makaa.

Niliona haya kukwambia. Wewe ulishona ile sare nyeupe ya uuguzi kwa mkono wako, ukaipiga pasi, ukaizungusha soko zima la Kibuye ukiwaonyesha akina mama wenzako. Halafu mimi nikazirai siku ya kwanza nilipoona jeraha, nikazirai tena mara ya pili, na mara ya tatu nikamwangukia mgonjwa mwenyewe kitandani. Ulinipokea nyumbani bila neno baya hata moja. Afadhali ungenigombeza. Ndipo nilipoona tangazo la kazi ya upishi, nikajiambia kwamba nikikwambia ni ukarani utalala vizuri. Nisamehe. Sasa utasikia yaliyotokea, na mwisho wake si mbaya.

Mkubwa wetu hapa ni Daktari Mutiso. Si daktari wa watu, ni daktari wa mimea, Mkamba wa chuo kikuu, mrefu na mwembamba, anayetembea akiangalia chini kama mtu aliyepoteza sindano. Anaandika kitabu cha maua ya nyika hii, kila ua na picha yake. Mchoraji wa picha hizo ni Bwana D'Souza, Mgoa wa Nairobi, mzee wa heshima sana ambaye hata kwenye matope alikuwa akifunga tai. Wa tatu ni Mzee Gathogo, askari wa mbuga, anayetulinda na nyati kwa bunduki ambayo nadhani ni kongwe kuliko yeye.

Siku ya kwanza nilitaka kurudi. Nililia, Dada. Kulikuwa na ukungu, na baridi iliniingia mpaka kwenye meno. Nilibandika maharage saa mbili asubuhi, maji yakatokota upesi, nikafurahi. Saa nane maharage yalikuwa bado yanagonga sufuria kama kokoto. Nikadhani nimerogwa. Daktari Mutiso akanieleza kwamba juu namna hii maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha, na nikamwambia huo si uungwana wa maji. Tangu siku hiyo maharage nayaloweka siku nzima, na bado tunayatafuna kwa imani.

Lakini asubuhi ya pili ukungu uliondoka. Nilitoka nje ya hema na sufuria mkononi nikaduwaa. Nyasi zilikuwa zimeenda mpaka mwisho wa macho, mashungi kwa mashungi, rangi ya simba, na kila shungi lilikuwa na umande ulioganda ukimetameta. Na katikati ya nyasi, maua. Kuna mengine mekundu yanayosimama wima kama mienge, juu mekundu na chini ya njano, yamepangana kandokando ya kijito. Kuna meupe yenye petali kavu kama karatasi, ukiyagusa yanakwaruza, na hata ukiyaweka kitabuni mwaka mzima hayabadiliki. Kuna moja la buluu iliyochanganyika na kijani, linaning'inia kwenye bua lake kama kengele nyingi, na rangi yake sijawahi kuiona isipokuwa shingoni mwa nzi wale wakubwa. Samahani kwa mfano huo, lakini ndivyo lilivyo, na ni zuri.

Na ndege! Wewe unajua mimi nilikua nikiwatazama ndege wa ziwa: yangeyange wakigombea matumbo ya samaki ufukweni, na wale weusi wanaokausha mabawa juu ya nguzo. Hawa wa huku ni watu wengine kabisa. Kwale wanapita mbele ya hema na watoto wao kama akina mama wanaotoka kanisani, hawana haraka na wanasemezana. Chozi wa hapa, yule ndege mdogo mnyonya maua, ana mkia mrefu, na jua likimpiga anakuwa kijani kinachowaka. Anatumbukiza mdomo katika yale maua ya mienge, ua moja baada ya jingine, hakosi hata moja. Nimeacha chai ikaungua mara mbili kwa ajili yake.

Basi nilipika, nikaosha vyombo, na mchana nikawa nasogea karibu na meza ya Bwana D'Souza kumwangalia akichora. Hakunifukuza. Aliniuliza siku moja kama napenda picha. Nikamwambia kwamba tangu nina miaka tisa nimekuwa nikichora maua kwa penseli kwenye vitambaa vya meza, na dada yangu anayafuata kwa sindano na nyuzi za rangi, na vitambaa hivyo viko katika nyumba nyingi za mtaa wa Milimani kule Kisumu, chini ya redio na juu ya makochi.

"Maua gani?" akaniuliza.

"Ya kubuni tu," nikasema. "Hatukuwahi kuyaona."

Akacheka mpaka akakohoa. Nilidhani ni kicheko, kumbe ni kifua. Mlima huu haupatani na wazee wa mjini. Wiki iliyofuata hakuweza kupanda hata ngazi mbili za kibanda bila kushika ukuta, na midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu.

Sasa sikia. Kuna ua moja ambalo Daktari Mutiso amelitafuta misimu mitatu. Ni okidi ndogo inayoota kwenye kinamasi, na hapa mlimani hakuna mtu aliyewahi kuichora. Mzee Gathogo anaijua kwa sababu aliiona zamani alipokuwa mchungaji. Alituambia inachanua siku nne tu, kisha inalala chini na hutaijua na nyasi. Na Jumatano moja asubuhi Mzee alikuja mbio, yeye ambaye hakimbii hata akimwona nyati, akapiga saluti na kusema, "Daktari, imefungua!"

Ilikuwa asubuhi ileile ambayo Bwana D'Souza hakuweza kuinuka kitandani.

Daktari Mutiso alisimama katikati ya kambi akiangalia huku na huku, upande mmoja kinamasi, upande mwingine hema la mgonjwa. Nilimwonea huruma. Lakini ni mtu mwema, hakukawia. Tulimbeba Bwana D'Souza mpaka kwenye gari, na Daktari akateremka naye kwenda hospitali ya Nyeri. Barabara ilikuwa imeharibiwa na mvua, na kabla ya kuondoka alituambia huenda asirudi kabla ya Jumamosi. Kamera aliiacha, lakini filamu yake ilikuwa imeingia unyevu. Tena alitukataza kabisa kung'oa ua hilo, kwa sababu Mzee alihesabu mashina matano tu, na sheria ya Daktari ni kwamba mmea ulio mchache haukatwi hata jani.

Jumatano ikapita. Alhamisi ikapita. Nilipika uji wa watu wawili na sikuweza kuumeza wa kwangu. Nilikuwa nikijiambia, Achieng', wewe ni mpishi, kaa na sufuria zako. Ijumaa asubuhi nikaingia katika kibanda, nikafungua sanduku la Bwana D'Souza, nikatoa karatasi moja ya ile minene, penseli mbili na rangi za maji. Nilijiona mwizi. Karatasi zile zinatoka ng'ambo na amezihesabu.

"Mzee," nikamwambia Gathogo, "nipeleke kwenye ua."

Akaiangalia ile karatasi, akaniangalia mimi. "Daktari amesema?"

"Hajasema."

"Basi mimi sijaona sanduku likifunguliwa," akasema, na akachukua bunduki yake.

Tulitembea saa nzima, tukiruka kutoka shungi hadi shungi. Kinamasi kiko katika kibonde kidogo chenye ukoga wa kijani, laini kama zulia, unaozama ukikanyaga. Na pale, Dada, palikuwa na mashina matano yasiyopita urefu wa kiganja, kila moja likiwa na maua madogo ya waridi yenye madoa, na nyuma ya kila ua vimirija viwili vilivyopinda kama pembe za mwana-mbuzi. Nilikuwa nimetarajia kitu kikubwa. Nilitaka kucheka, kisha nikaona nimeshapiga magoti.

Nilitandaza gunia la plastiki nikalala kifudifudi. Nilichora jani kwanza, jinsi linavyolikumbatia shina, halafu shina, halafu ua baada ya ua. Nilipima kwa kijiti cha kiberiti. Sikuongeza kitu. Nilipokuwa nikikuchorea wewe nilikuwa nikiongeza petali pale ambapo kitambaa kimebaki wazi, unakumbuka? Hapa nilikuwa nikijikataza kila dakika.

Nilikuwa nimefika ua la nne niliposikia Mzee Gathogo akisema polepole sana, "Achieng'. Hapana inuka."

Sikuinuka. Niligeuza kichwa tu. Juu ya njia yetu, kama umbali wa kutoka mlangoni kwako mpaka kwenye bomba la maji, alikuwa amesimama nyati dume, mzee, peke yake, pembe zimemfunika kichwa kama kofia ya chuma. Alinusa. Upepo ulikuwa unatoka kwake kuja kwetu, tukashukuru Mungu. Halafu badala ya kwenda zake, akakunja magoti akalala palepale juani, akaanza kucheua.

"Tunafanya nini?" nikanong'ona.

"Tunangoja amalize kulala."

"Na asipomaliza?"

"Basi na wewe maliza picha," akasema.

Tulikaa pale tangu saa nne mpaka saa nane, Dada. Saa nzima ya kwanza niliogopa mpaka nikahisi moyo unapiga kwenye ukoga chini yangu. Lakini mtu hawezi kuogopa saa nne mfululizo. Nilimaliza ua la nne, nikamaliza la tano, nikaanza kupaka rangi kwa maji ya kinamasi chenyewe. Nikachora mizizi inayoonekana juu ya ukoga. Chozi akaja kwenye mwenge mwekundu karibu na kichwa changu, nikamweka pembeni mwa karatasi kwa mistari michache.

Na ng'ambo ya kibonde, kwenye nyasi kavu, nikaona kitu ambacho kama si yule nyati nisingekiona kamwe. Ndege weusi, mikia mirefu imepinda kama mundu, walikuwa wakiruka juu kutoka majanini na kurudi, kuruka na kurudi, kama mipira. Mmoja hapa, mwingine pale, labda kumi na watano. Mzee Gathogo alinieleza kwa mnong'ono kwamba kila dume hukanyagakanyaga nyasi mpaka apate uwanja wa duara, akaacha shungi moja katikati, kisha anaruka hapo siku nzima ili wale wa kike wa rangi ya udongo waje kumtazama.

"Na wao wanakuja?" nikauliza.

"Wanakuja, wanaangalia, wanaenda kwa jirani," akasema. "Kama wasichana wa siku hizi."

Nilijiziba mdomo kwa mkono nisicheke. Hebu nifikirie: nimelala kwenye kinamasi, mbele yangu nyati, nyuma yangu ngoma ya ndege, na mimi nacheka! Nilijua wakati uleule kwamba sijawahi kuwa na furaha namna ile tangu nizaliwe.

Kisha mbingu zikafunga ghafla, kama zinavyofanya huku. Tone la kwanza lilikuwa la maji, la pili likawa barafu. Mvua ya mawe, kubwa kama mbegu za mahindi. Nilivua sweta yako nikaizungushia karatasi, nikaiweka chini ya tumbo langu na kulala juu yake, mgongo ukipigwa. Mzee alinifunika kwa koti lake, naye akabaki anapigwa na anasali Kikikuyu. Nyati hakuipenda mvua hiyo. Aliinuka, akatikisa kichwa, akaenda zake msituni bila kutuangalia. Ilipopungua tulikimbia mpaka kambini, na nilipofungua sweta karatasi ilikuwa kavu, isipokuwa kona moja ndogo. Nilikaa sakafuni kibandani nikalia, lakini kilio hiki kilikuwa kitamu.

Daktari Mutiso alirudi Jumamosi mchana, matope mpaka kiunoni. Hata kabla ya kunywa chai aliuliza, "Ua liko vipi?"

"Mvua ya mawe imelilaza, Daktari," Mzee Gathogo akajibu. "Yote matano."

Aliketi juu ya debe la mafuta ya taa, akavua miwani na kuifuta, akaivaa, akaivua tena. Halafu akaingia kibandani, na tukamsikia akisema kwa sauti nyingine kabisa, "Nani amefungua sanduku la Bwana D'Souza?"

Niliingia. Nikamwambia, "Ni mimi," nikampa karatasi. Nilikuwa tayari kufukuzwa. Nilikuwa nimeshafunga hata mkoba wangu.

Aliipeleka dirishani. Akatoa kile kioo chake cha kukuzia, akakipitisha shina kwa shina. Niliweza kusikia maji yakidondoka kutoka kwenye suruali yake. Mwishowe akasema, bila kuinua kichwa, "Hapa umeweka vinyweleo kwenye shina."

"Vipo."

"Sijasoma mahali popote kwamba lina vinyweleo."

"Na mimi sijasoma mahali popote, Daktari," nikasema. "Nimeviona."

Aligeuka akaniangalia kama vile ndiyo kwanza nimeingia kambini. Akachukua kofia, akamwita Mzee, wakaenda kinamasini palepale, na chai yangu ikapoa. Waliporudi alikuwa akicheka peke yake njiani. Shina moja lililolazwa na mvua lilikuwa bado na vinyweleo vyake. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akautikisa kama pampu ya maji. "Miss Okelo," akaniita, mimi ambaye siku zote nilikuwa "mama wa jikoni", "misimu mitatu!"

Siku tatu baadaye gari lilipoteremka Nyeri, picha ilikwenda nalo kuonyeshwa Bwana D'Souza kitandani. Nilingoja kama mwanafunzi anavyongoja matokeo ya mtihani. Gari liliporudi lilileta sanduku dogo la mbao lenye brashi zake, zile nyembamba za manyoya ambazo hakuruhusu mtu azishike, na karatasi yenye mwandiko wake: "Kivuli cha jani la tatu kimekosewa. Mengine yote yako sawa. Brashi hizi hazitumiki hospitalini, mpeni mtoto huyo aendelee." Anapona, asante Mungu, lakini madaktari wa hospitali wamemkataza mlima. Atakaa Nairobi, na mimi nitapelekwa kwake anifundishe.

Sasa tumefika penyewe, Dada. Shemeji, soma pole.

Katika barua yako umesema umekwenda wewe mwenyewe kumwona msimamizi wa wauguzi, ukamsihi, na amekubali nirudi darasani mwezi ujao. Najua kusihi si tabia yako. Najua ulivaa lile gauni la kanisani na ukakaa kwenye benchi tangu asubuhi. Nimelifikiria benchi hilo siku nyingi. Hata hivyo sitarudi kwenye uuguzi. Daktari Mutiso amenipa barua ya kazi, imepigwa taipu na kugongwa muhuri, kuwa mchoraji wa kitabu hiki mpaka kitakapomalizika, nyika wakati wa maua na Nairobi wakati wa kiangazi. Alhamisi nilitia sahihi. Sikuombi ruhusa maana nimeshasema ndiyo, na nimechoka kukudanganya. Nakuomba tu usione kwamba ulinilea bure. Baada ya Mama kufariki uliacha shule ukanibeba mgongoni huku unashona. Mkono unaochora huku ni ule uliouelekeza wewe kwenye kitambaa, ukiniambia, "Angalia vizuri, kisha angalia tena."

Ndani ya bahasha kuna karatasi iliyokunjwa mara moja. Hiyo usimpe Shemeji akusomee, utaisoma mwenyewe. Ni nakala niliyokuchorea: okidi yenyewe na vinyweleo vyake, chozi kwenye mwenge, na wale ndege weusi wakiruka. Nyati sikumweka, usije ukakosa usingizi. Ukitaka kumshona ndege yule, mkia una manyoya marefu mengi na si mawili, na rangi ni nyeusi inayoelekea kahawia, si nyeusi ya uzi wa suruali. Wauzie hao wa Milimani na uwaambie kwamba safari hii ua ni la kweli, lipo, na dada yako alilala mbele yake saa nne.

Nitakuja Krismasi. Nitakupikia maharage yaliyoiva kwa saa moja, nikae jikoni kwako kwenye joto mpaka unifukuze.

Nisalimie Dani, bibi yetu wa Katito. Mwambie bado nasali, na kwamba huku hakuna simba wa kunila, asihangaike. Msalimie Mama Rosa anayeuza nyanya kando ya cherehani yako, asante kwa kukushikia meza siku ya benchi. Msalimie fundi wa viatu aliyenitia soli hizi, hazijapitisha maji hata siku moja. Mwambie Imali, binti yenu mpenzi, kwamba mama mdogo amemwekea ua lile la karatasi lisilobadilika, na akianza darasa la kwanza ataliweka kwenye kitabu chake. Na wewe Shemeji, asante kwa sauti yako; najua umesoma yote.

Jambo la mwisho. Daktari amesema chini ya kila picha lazima liandikwe jina la mchoraji, kwa sababu kitabu kitafika hata nchi za watu. Nilikaa na penseli muda mrefu. Kisha nikaandika A. Okelo. Daktari akauliza kwa nini sikuandika Achieng' lote, nafasi ipo. Nikamwambia imetosha hivyo. A ni ya Achieng', na ni ya Akeyo, na atakayelisoma jina hilo hatajua ni yupi kati yetu, wala hatakuwa amekosea.

Ni mimi mdogo wako,

A. Okelo,
mchoraji.